Ute wa Ngozi ya Samaki wa Kufugwa na Kinga Yake Dhidi ya Bakteria

Mhadhara kwa wafugaji wa samaki, wanafunzi na maafisa wa uvuvi wa Thika na Ruiru



Mada ya leo ni ule ute unaofunika ngozi ya samaki. Lengo la mhadhara ni kueleza umeundwa na nini, unavyozuia na kuua bakteria, na jinsi kazi za kila siku bwawani zinavyoulinda au kuuharibu. Dai linalotetewa ni hili: dawa ya kwanza ya samaki hutengenezwa na samaki mwenyewe juu ya ngozi yake, na sehemu kubwa ya ufundi wa mfugaji ni kutoiondoa.

Ukanda huu wa Thika na Ruiru una sababu ya kulijali jambo hilo. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kupitia Mpango wa Kuchochea Uchumi, ilianza kugharamia mabwawa 200 ya mita za mraba 300 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Wakulima wa kahawa, ndizi na maziwa ambao hawakuwahi kufuga samaki walijikuta na tilapia na kambare mashambani mwao. Uzalishaji wa nchi nzima, uliokuwa tani elfu chache kwa mwaka kabla ya mpango huo, ulikaribia tani 24,000 mwaka 2014. Baadaye mabwawa mengi yaliachwa yakakauka. Waliobaki kwenye kazi hiyo wamezidi kuwabana samaki wengi katika maji machache: mabwawa yaliyotandikwa karatasi nzito ya plastiki, matangi, na vidimbwi ndani ya vibanda vya nailoni vya kuhifadhi joto. Samaki wakibanana, bakteria hupata njia fupi ya kutoka ngozi hadi ngozi.

1. Ngozi ya samaki ni hai hadi juu kabisa

Ngozi ya binadamu, kuku au ng'ombe imefunikwa na tabaka la seli zilizokufa na kukauka. Samaki hana tabaka hilo. Seli za juu kabisa za ngozi yake zi hai na zinagusana na maji moja kwa moja. Magamba nayo hayakubandikwa juu ya ngozi jinsi wengi wanavyodhani. Yameota kutoka tabaka la ndani, na ngozi nyembamba imepita juu yake. Kwa hiyo gamba moja likibanduka, ngozi imechanika, na kidonda kiko wazi hata kama hakitoi damu.

Mililita moja ya maji ya bwawa lenye rutuba inaweza kubeba bakteria milioni moja au zaidi. Kati ya umati huo na seli hai za ngozi kuna ute peke yake. Hutolewa na seli maalumu zilizotapakaa ngozini, zenye umbo la kikombe, ambazo hujaa musini na kuimwaga nje. Musini ni protini ndefu iliyosheheni sukari, na sifa yake kubwa ni kushika maji. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ute ni maji. Kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachofanya kazi yote inayojadiliwa hapa.

Kambare amepewa ute mwingi kuliko tilapia, na sababu inaonekana kwa macho: hana gamba hata moja. Tena ni samaki anayeweza kustahimili matope na maji yanayokauka, akipumua hewa ya juu. Ngozi yake ina pia seli nyingine kubwa zenye umbo la rungu, ambazo tilapia hana. Zikichanika, humwaga majini kemikali inayowatahadharisha kambare wenzake. Yeyote aliyewahi kumwandaa kambare jikoni anaujua ute huo: kisu hakishiki mpaka samaki asuguliwe kwa majivu, chumvi au ndimu. Jikoni ni usumbufu. Bwawani ndio uhai wa kambare huyo.

Ute haukai palepale. Tabaka la juu huchukuliwa na maji huku jipya likisukumwa kutoka chini, saa zote. Bakteria aliyenasa juu huondoka na tabaka lake kabla hajafika kwenye seli. Kinga hii ya kwanza haihitaji sumu yoyote. Inahitaji tu samaki mwenye nguvu ya kutengeneza ute kwa kasi kuliko unavyopotea.

2. Ndani ya ute mna vitu vinavyoua bakteria

Kama ute ungekuwa wa kunasa tu, bakteria wenye mikia ya kuogelea wangeupenya. Lakini umechanganywa na kemikali za aina nyingi, na inafaa zitazamwe kwa utaratibu.

Lisozaimu ndiyo inayojulikana zaidi. Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, miaka sita kabla hajaiona penisilini, baada ya kuchunguza makamasi ya binadamu. Imo katika machozi, katika mate, katika ute mweupe wa yai la kuku, na imo katika ngozi ya samaki. Kazi yake ni kukata nyuzi za sukari zinazojenga ukuta wa bakteria. Ukuta ukishakatwa, maji huingia ndani ya bakteria mpaka akapasuka.

Hapa ni lazima kutofautisha makundi mawili ya bakteria, yaliyotenganishwa kwa mbinu ya rangi aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884. Kundi la kwanza, Gramu chanya, lina ukuta mnene ulio wazi kwa nje. Streptococcus agalactiae na Streptococcus iniae, wanaomfanya tilapia atokwe macho na kuogelea kwa kuzunguka, wamo humo. Kundi la pili, Gramu hasi, lina ukuta mwembamba uliofichwa nyuma ya utando wa nje wa mafuta. Aeromonas hydrophila, anayeleta vidonda na damu chini ya ngozi, yumo humo, pamoja na Flavobacterium columnare na jamii ya Edwardsiella. Utando huo wa nje huwakinga na lisozaimu ya kawaida. Lisozaimu ya baadhi ya samaki, trauti akiwa mmoja wao, imeonekana maabara kuwashambulia hata baadhi ya bakteria wa Gramu hasi, jambo ambalo lisozaimu ya yai hulifanya kwa shida. Samaki anaishi katika maji yaliyojaa bakteria wa Gramu hasi, kwa hiyo tofauti hiyo ina maana kwake.

Silaha ya pili ni peptidi fupi za kuua bakteria, na hii ndiyo sehemu iliyowavutia wanasayansi zaidi. Peptidi ni kipande kifupi cha protini. Mwaka 1997 pleurosidini, yenye asidi amino 25, ilitengwa kutoka ute wa ngozi ya samaki bapa wa Atlantiki ya Kaskazini. Mwaka uliofuata watafiti wa Korea walieleza parasini, yenye asidi amino 19, kutoka kambare wa Asia. Mwaka 2001 zikaelezwa pisidini, ambazo zilikutwa ndani ya seli za kinga za samaki wa kufugwa. Tilapia naye ana pisidini zake, zilizoelezwa na watafiti wa Taiwan mwaka 2012.

Peptidi hizi hufanya kazi kwa chaji ya umeme. Zenyewe zina chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi kwa nje, ilhali utando wa seli za mnyama hauna chaji nyingi upande huo. Peptidi huvutwa kwenye bakteria, hujipanga juu ya utando wake, kisha hujichomeka ndani na kuutoboa. Chumvi na nishati ya bakteria huvuja, naye hufa, mara nyingi ndani ya dakika chache.

Kisa cha parasini kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Haikai ikiwa tayari katika ngozi nzima. Asili yake ni histoni, protini ya kawaida inayozungushiwa nyuzi za urithi ndani ya kiini cha kila seli. Ngozi ya kambare huyo inapojeruhiwa, kimeng'enya kimoja huamshwa, hukata kipande cha mwanzo cha histoni, na kipande hicho ndicho parasini. Yaani jeraha lenyewe ndilo linalozalisha dawa ya kulilinda, kutokana na kitu ambacho seli ilikuwa nacho tangu mwanzo kwa kazi nyingine kabisa.

Silaha ya tatu ni kingamwili. Samaki hutoa katika ute kingamwili zinazomtambua adui mahususi, na mwaka 2005 iligunduliwa aina moja, iliyoitwa IgT, ambayo baadaye ilionekana kuwa na kazi maalumu katika utumbo na ngozi ya trauti. Ndiyo sababu chanjo ya kumtumbukiza samaki katika maji yenye bakteria waliouawa huweza kufanya kazi bila sindano: ngozi na matamvua hujifunza papo hapo. Zaidi ya hizo kuna lektini, zinazoshika sukari za bakteria na kuwagandisha pamoja, na vimeng'enya vinavyomeng'enya protini za adui. Vyote vimo katika filamu nyembamba ambayo mikono mikavu huifuta mara moja.

3. Ute una mipaka, na wakati mwingine humwalika adui

Haifai kuusifia ute kupita kiasi. Musini imejaa sukari, na sukari ni chakula. Flavobacterium columnare na Aeromonas hydrophila wameonekana maabara wakiogelea kuelekea ute wa samaki, wakiufuata jinsi nyuki anavyofuata ua. Baadhi yao wana vimeng'enya vya kuukata ute na kuutumia. Hivyo ngozi yenye afya si ngozi isiyo na bakteria. Ina jamii nzima ya bakteria wasio na madhara waliokwisha kushika nafasi na chakula, na mgeni akifika hukuta pamejaa. Dawa ya kuua bakteria ikimiminwa bwawani bila mpango huwafagia hao wenyeji kwanza.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wafugaji: ute kuwa mwingi si dalili ya kinga kuwa nzuri. Samaki aliyewashwa na amonia, na vimelea vya ngozini au na maji machachu hutoa ute kwa wingi hadi anaonekana kama amefunikwa na ukungu wa kijivu. Ute huo wa dharura mara nyingi ni mwepesi, na matamvua yakijaa ute samaki hukosa hewa. Mfugaji akiuona aanze na maji: apime amonia, hewa na uchachu kabla ya kufikiria kwenda dukani.

4. Namna uwezo huo unavyopimwa

Wanafunzi waliomo ukumbini watavutiwa na sehemu hii, na wafugaji wanaombwa subira kidogo, kwa kuwa matangazo ya bidhaa nyingi hujengwa juu ya vipimo kama hivi.

Samaki huachwa bila chakula kwa siku moja ili asichafue sampuli. Hulegezwa kwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na maji, yaleyale ya karafuu inayovunwa Unguja na Pemba, ambayo hutumika sana kuwalaza samaki. Kisha ute hukwanguliwa taratibu kwa kijiko butu cha plastiki kutoka kichwani kuelekea mkiani, upande wa mgongo. Tumbo haliguswi, maana hapo sampuli huchanganyika na kinyesi au mbegu za uzazi. Ute hukaa kwenye barafu, huzungushwa kwa kasi katika mashine ili magamba na seli zishuke chini, na maji ya juu ndiyo yanayojaribiwa.

Njia rahisi ya kujaribu ni sahani ya agari iliyopakwa bakteria. Matone ya ute huwekwa katika kitundu kidogo, sahani huachwa usiku kucha penye joto, na asubuhi hutazamwa kama pamebaki duara safi ambapo bakteria hawakuota. Duara hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na la dawa inayojulikana. Kasoro ya njia hii ni kwamba duara huonyesha pia jinsi kitu kinavyosambaa. Peptidi ndogo hukimbia mbali ndani ya agari. Protini kubwa hukwama karibu na kitundu hata kama ina nguvu. Kwa sababu hiyo vipimo makini hurudiwa katika mirija, kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota.

Namna ya kuandaa ute nayo hubadilisha jibu. Watafiti wa Kanada waliolinganisha ute wa samaki wa jamii kadhaa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, waliona kwamba ute ulioandaliwa kwa asidi ulionyesha nguvu kubwa kuliko ule ulioandaliwa kwa maji, kwa kuwa asidi huziachilia peptidi zenye chaji chanya zilizonasa katika musini. Tena nguvu ilitofautiana sana kati ya jamii moja ya samaki na nyingine. Matokeo ya trauti hayawezi kuhamishiwa kwa kambare wa Makongeni hapa Thika kwa kukisia.

5. Yanayouharibu ute katika mabwawa ya Thika na Ruiru

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo panapostahili muda mrefu kuliko kwingine.

La kwanza ni mkono na wavu. Vifaranga wengi wa eneo hili hutoka kwenye vitotoleshi vya Sagana na pande za Mwea, wakasafirishwa katika mifuko iliyojazwa oksijeni. Sagana kuna kituo cha taifa cha utafiti wa samaki, kilichoanza mwaka 1948. Kila hatua ya safari ya vifaranga humgusa samaki: kuvutwa kwa wavu, kuhesabiwa, kumwagwa katika karai, kufungwa mfukoni, kufunguliwa. Wavu wenye mafundo magumu hukwangua. Karai kavu la plastiki hukwangua. Mkono mkavu hutoka na ute uking'aa viganjani. Siku mbili tatu baadaye doa jeupe huonekana mgongoni, kisha pamba ya ukungu wa Saprolegnia, na mfugaji husema vifaranga walikuja na ugonjwa. Mara nyingi vimelea vilikuwemo bwawani siku zote. Kilichokuja na safari ni mlango uliofunguliwa. Kulowesha mikono, kutumia wavu laini usio na mafundo, kuwanyima chakula kwa siku moja kabla ya safari na kutia chumvi ya jikoni gramu 2 hadi 5 kwa kila lita ya maji ya kusafirishia ni mambo yasiyo na gharama kubwa. Chumvi humpunguzia samaki kazi ya kusawazisha maji na madini mwilini, na kiasi hicho kidogo huchochea utoaji wa ute.

La pili ni baridi. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Ruiru iko juu kidogo zaidi. Tilapia hukua vyema maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selisiasi. Mwezi wa Julai, jua likijificha wiki nzima nyuma ya mawingu, maji ya bwawa la wazi hushuka chini ya 20. Samaki ni mnyama anayefuata joto la maji: yakipoa, utengenezaji wa kingamwili na ukarabati wa ngozi hupungua kasi, huku ukungu wa Saprolegnia ukiendelea vizuri tu. Kuwavuta samaki kwa wavu ili kuwapima uzito katikati ya Julai ni kuwajeruhi katika wiki ambazo hawawezi kupona upesi. Upimaji huo ungoje Septemba, au ufanyike kwa samaki wachache mno na saa za mchana.

La tatu ni maji yenyewe. Mito ya Chania, Thika, Ruiru na Ndarugu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ikiwa na maji mepesi, yenye chokaa kidogo. Ikipita katika ukanda wa kahawa, mito hiyo na mifereji yake hupokea maji ya viwanda vya kumenya kahawa msimu wa mavuno, yenye uchachu na yanayonyonya oksijeni. Wakulima wa kahawa pia hutumia sana dawa zenye shaba dhidi ya ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Shaba ni sumu kwa samaki, na ukali wake huongezeka katika maji mepesi kama haya. Musini hushika chembe za shaba na kuzizuia zisifike kwenye seli, lakini ute ulioshika shaba humwagwa, na samaki hulazimika kutengeneza mwingine kwa gharama ya ukuaji wake. Bwawa linalopokea maji chini ya shamba la kahawa lifungiwe mlango wa maji siku za kupuliza na siku za mvua kubwa baada yake. Chokaa ya kilimo, ikitiwa kwa kipimo baada ya maji kupimwa, huupunguza ukali huo.

Amonia hutokana na chakula kilichobaki na kinyesi. Katika bwawa la kijani, uchachu wa maji hushuka mchana na pH hupanda, wakati mwingine kupita 9, na hapo amonia hugeuka kuwa ya aina yenye sumu. Samaki aliye sawa asubuhi huweza kuwa anaungua ngozi saa tisa alasiri. Kipimo cha asubuhi pekee humdanganya mfugaji.

Msongo nao huacha alama kwenye ute. Samaki waliobanana, wanaovutwa mara kwa mara au wanaokosa hewa usiku hutoa homoni ya kotisoli, na kotisoli ikikaa juu kwa siku nyingi hudhoofisha kinga, ya ngozini ikiwemo. Utafiti wa mabwawa ya Kirinyaga, si mbali na hapa, uliochapishwa mwaka 2020, uliuweka utunzaji wa bwawa na ubora wa maji miongoni mwa visababishi vinavyoweza kuleta vifo na maradhi. Mfugaji wetu wa Gatuanyaga au wa Kwihota ana mazingira yanayokaribiana sana na hayo.

6. Chakula kinachojenga ute

Samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C, na bila hiyo ngozi haifungi jeraha. Vitamini hiyo huharibika upesi katika chakula kilichokaa ghalani muda mrefu penye joto, kwa hiyo gunia la bei nafuu lililokaa miezi mingi si nafuu. Majaribio mengi ya tilapia yamepima pia beta-glukani ya hamira, bakteria wema wa jamii ya Bacillus, kitunguu saumu na mlonge, na mengi yameona lisozaimu ya ute ikipanda. Kiasi, muda na aina ya samaki hubadilisha matokeo, na kipimo kikubwa cha mimea hiyo huweza kupunguza hamu ya kula. Busara ni kuanza na protini ya kutosha na chakula kilichotengenezwa kiwandani karibuni, kabla ya kununua viongezo.

7. Ute na tatizo la usugu wa dawa

Mwaka 2019 vifo takriban milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Kenya ilitoa sera na mpango wake wa taifa wa kudhibiti usugu huo mwaka 2017. Ufugaji wa samaki umo ndani ya tatizo hilo. Utafiti wa tilapia na kambare wa Uganda uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta Aeromonas, Edwardsiella, Flavobacterium na Streptococcus, na usugu dhidi ya penisilini na ampisilini ulikuwa wa kawaida. Aeromonas kwa asili yake hustahimili ampisilini, kwa hiyo mfugaji anayeimimina bwawani bila kipimo amenunua dawa isiyomgusa adui. Kiambu ni kaunti ya wafugaji wengi wa kuku, na samadi ya kuku hutumika kurutubisha mabwawa. Kuku waliopewa viuavijasumu huacha mabaki katika samadi hiyo, na mabaki hayo huingia bwawani bila mfugaji wa samaki kujua.

Peptidi za ute zimeleta matumaini ya dawa mpya, kwa sababu bakteria hupata shida zaidi kubadilisha utando wake wote kuliko kubadilisha protini moja. Shida hiyo haimaanishi kwamba haiwezekani: usugu dhidi ya peptidi umewahi kuonekana maabara. Baadhi ya peptidi, pisidini zikiwemo, hupasua pia chembe nyekundu za damu, na nyingi humeng'enywa zikimezwa. Mara nyingi huulizwa pia kuhusu ngozi ya tilapia inayotumika Brazil kufunika majeraha ya moto, kazi iliyoongozwa kutoka Fortaleza. Ngozi hiyo husafishwa na kutakaswa kwanza, ute ukiwa umeondoka. Kinachosaidia ni kolajeni yake na kubaki kwake juu ya jeraha kwa siku nyingi. Asiwepo atakayetoka hapa na kumpaka mtu ute wa samaki kwenye kidonda. Ute mbichi umebeba bakteria hai, na baadhi yao, Aeromonas akiwemo, huweza kumwambukiza binadamu.

8. Kazi iliyo mbele

Ukanda huu una vyuo vikuu Juja, Thika na Ruiru, una Sagana karibu, na una mabwawa ya kila namna ndani ya mwendo mfupi wa matatu. Linalowezekana kwanza ni kupima lisozaimu na nguvu ya ute wa tilapia na kambare wa hapa kwa misimu, dhidi ya bakteria waliotengwa kutoka mabwawa ya hapa. La pili ni kutumia ute wenyewe kama sampuli ya kutambua ugonjwa bila kuua samaki. Watafiti wa Thailand wamekwisha kuonyesha kwamba kirusi cha tilapia cha ziwani, ambacho vinasaba vyake vilipatikana katika samaki wa Ziwa Viktoria, huweza kutambuliwa katika ute. Kwa mfugaji mwenye samaki wazazi wa bei kubwa, tofauti kati ya kumuua samaki na kutomuua ni kubwa. La tatu, la miaka mingi, ni vitotoleshi kuchagua wazazi kwa ukuaji pamoja na uimara wa ngozi.

Vikundi vinavyokubali mabwawa yao yatumike vinaweza kuanza mwaka huu. Sampuli za kwanza zichukuliwe Februari au Machi, maji yakiwa yangali na joto, na saa, joto la maji, pH na amonia viandikwe pamoja na kila sampuli. Zile za Julai zitahitaji kitu cha kulinganishwa nacho.